Kitovu Kisitoke Nje ya Ngazi

Krrrr. Si mlio mkubwa. Ni mlio wa miguu ya ngazi ya mbao ikisogea juu ya saruji, upana wa kiganja tu, halafu kimya. Hadi leo, mtu akiburura benchi nyuma yangu kanisani, mikono yangu yote miwili hunyooka mbele yenyewe kushika kitu ambacho hakipo, na mjukuu wangu huninong'oneza, "Nyanya, unataka nini?" Simwambii. Ningeanzia wapi? Lakini mwezi uliopita tulimzika Tabitha kule Bahati, na pale kaburini watu walisema mengi mazuri, ya umama wake, ya viazi vya shamba lake, ya majirani aliowalisha wakati wa njaa, na hakuna hata mmoja aliyetaja madirisha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikingoja. Kumbe wote wanaojua wamekwisha, nimebaki mimi. Basi naandika. Shule yangu ilikomea darasa la nne, kwa hiyo msomaji anivumilie. Mkono huu ulizoea kitambaa kuliko kalamu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni iliyowakamata Wakikuyu, na mimi nilikuwa msichana wa vyumba vya juu katika nyumba moja ya wageni hapa Nakuru, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Menengai. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kizungu ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Bi Kengele, kwa sababu hakuwa anaita mtu kwa mdomo ikiwa angeweza kumwita kwa kengele. Alikuwa nayo mezani, alikuwa nayo kando ya kitanda, na nyingine ilining'inia barazani. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ikilia, unatupa ulichoshika, unakimbia. Wasichana waliochelewa niliwakuta kwenye hadithi tu, hawakuwapo tena. Hata hivyo nilivipenda vile vyumba vya juu, sitaficha. Asubuhi, wageni wakiwa chini wanakula mayai, nilikuwa nasimama katikati ya chumba cha pembeni, chenye zulia jekundu na harufu ya tumbaku na sabuni, nakunja mikono kama mwenye mali, naangalia ziwa kule chini. Ila mwaka ule ziwa halikuwa ziwa. Mvua ilikuwa imekataa, maji yamekauka, wale ndege wa rangi ya waridi wamehama, kumebaki uwanja mweupe unaoumiza macho. Mchana upepo ukianza, ule weupe uliinuka ukaja mjini. Magadi. Yaliingia kwenye uji, yaliingia katikati ya shuka, na zaidi ya yote yalipenda vioo. Ukiyafuta makavu yanakwaruza. Ukiyafuta kwa maji yanateleza kama sabuni, halafu yakikauka yanaacha michirizi, kama mashavu ya mtoto aliyelia akalala.

Aliyeyajua madirisha yale alikuwa Njoroge. Sehemu ya juu ya kila dirisha haikufunguka, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kuifikia ila kwa nje, kwa ngazi ndefu iliyolala nyuma ya stoo. Njoroge hakuwa mtu wa haraka. Kabla hajapanda alisimama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, ananyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipandio bila yeye kuinama, basi ngazi imelala sawasawa. Alitandika gunia lililoloweshwa chini ya miguu ya ngazi ili isiteleze. Akifika juu, kabla ya kugusa kioo, alifunga ngazi kwa kamba kwenye mhimili wa dirisha. Na alikuwa na neno lake, nilimsikia akimwambia mtu wa bustani aliyekuwa akimshikia: "Kitovu kisitoke nje ya ngazi. Kioo kikiwa mbali, shuka, uihamishe. Mtu haanguki kwa sababu ya ngazi, anaanguka kwa uvivu wa kushuka." Asubuhi moja askari walikuja na lori kuwachukua Wakikuyu wa mtaa ule. Walimfunga Njoroge mikono kwa kamba ile ile ya ngazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilikuwa dirishani juu, kitambaa mkononi. Hakuangalia juu. Ovaroli lake lilibaki kwenye msumari wa stoo, na hakuna aliyelitoa.

Tabitha alikuwa Mkikuyu pia, lakini yeye aliachwa. Mume wake alitoka upande wa kwetu, magharibi, alifanya kazi kwenye injini za reli, leo Kisumu, kesho Kampala. Askari hawakuuliza ameolewa na nani. Waliuliza ameandikwa kazi na nani. Bi Kengele alisema, "Huyu yangu," na lori likaondoka bila yeye. Tangu siku hiyo Tabitha alikuwa akiishi juu ya maneno hayo mawili. Akifukuzwa kazi leo, kesho yuko kwenye lori. Kwao walikuwa wameshatawanyika, hakujua hata wangemshusha mlango wa nani. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, na alikuwa akinitunzia ngozi ya kuku chini ya sahani kila Jumapili. Nilimwita Dada, naye aliniita mdogo wangu.

Basi madirisha yakawa meupe kama maziwa, na wazungu wa Mau Narok walikuwa wanatarajiwa kwa maonyesho ya ng'ombe. Bi Kengele akaja jikoni mwenyewe, bila kengele. "Dirisha yote iko chafu," akasema. "Wageni nakuja Ijumaa. Tabitha, wewe mrefu. Wewe nafanya." Akaenda zake. Mpishi wetu, Mzee Zakayo, Mmaragoli mnene wa kanisa, aliweka kisu chini.

"Mwanamke apande ngazi? Kwetu mwanamke hata paa la nyumba yake hapandi, sasa apande ukuta wa Mzungu?"

"Basi panda wewe, Mzee," Tabitha akasema.

"Mimi? Na tumbo hii? Ngazi itaniuliza kama mimi ni mtu ama ni gunia ya viazi."

"Basi unishikie."

Mzee Zakayo akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nikae chini, wewe uko juu, na hiyo sketi? Mke wangu asikie? Mchungaji asikie? Hapana, mama. Afadhali nishike fisi mkia." Tulicheka, hata Tabitha, mabega yakitikisika. Mtu wa bustani naye, alipoulizwa, alichukua jembe akaenda mbali kabisa, mwisho wa ua. Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba mwanamke atashikiwa na mwanamke, na mwanamke mwingine katika nyumba ile alikuwa mimi, ambaye upepo wa Agosti ulikuwa ukinisukuma njiani.

Ningecheka zaidi kama nisingejua nililolijua. Nililijua kwa pua yake. Mzee Zakayo akikaanga vitunguu, Tabitha alitoka nje, akasimama karibu na pipa la maji akimeza mate. Kwenye pindo la leso alifunga vipande vya udongo wa sokoni, akawa anavilamba akidhani hatumwoni. Zaidi ya mara moja kabla ya hapo alikuwa amepoteza, na mara ya mwisho mimi ndiye niliyefua shuka. Sasa ilikuwa imekaa tena. Lakini kwetu na kwao, hapo hapakuwa na tofauti: mimba changa haitajwi. Ukiitaja unaiitia macho. Unaona, unanyamaza, unampelekea mtu uji. Yeye mwenyewe hakuniambia, nami sikumuuliza. Na kwa Bi Kengele ndiyo haikutajika kabisa, kwa sababu hakuweka mfanyakazi mwenye mimba, alisema nyumba ya wageni si zahanati. Kwa hiyo mtu wa pekee aliyekatazwa na kila mama duniani kupanda ngazi ndiye aliyepanda, na sisi tuliojua tulikuwa tunashika midomo.

Tulianza Jumatatu. Nilipima kama Njoroge, vidole kwenye miguu ya ngazi, mikono mbele. Kamba hatukuwa nayo. Mzee Zakayo alimwomba Bi Kengele, akaambiwa itanunuliwa. Nilikuwa nakanyaga kipandio cha chini kwa mguu mmoja, mikono imekaza pembeni, macho ukutani. Kwa heshima sikuangalia juu. Kwa hiyo sikumwona akifanya kazi, nilimsikia tu: kitambaa kikilia kwenye kioo, pumzi, viatu vya raba vikitafuta kipandio. Naye hakuweza kuangalia chini, alisema akiangalia dunia inageuka. "Ongea, Perisi," aliniambia. "Ukinyamaza nadhani umeondoka."

Basi niliongea. Na mimi wakati ule nilikuwa mtu wa ndoto, mdomo wangu haukukosa cha kubeba. "Mimi nitajenga ghorofa, Dada."

"Wapi?"

"Pale juu Menengai, niwe naona kila garimoshi likiingia."

"Na maji utachota wapi huko juu?"

"Bwana atachota."

"Usinichekeshe, ngazi nayo inacheka." Kisha akauliza: "Na madirisha?"

"Yote yatafunguka kwa ndani. Kwangu hakuna mtu atapanda ngazi."

"Basi unipe chumba," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Nilisikia ameacha kufuta. "Kitovu, Dada!" nilipaza sauti, kwa sababu akifikiri sana alikuwa akisahau na kunyooka pembeni. "Kiko katikati," alijibu. "Kiko salama." Tulikuwa tunasema kitovu, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini. Hapo ndipo tulipokaribia zaidi kulitaja.

Usiku sikulala vizuri juma lile. Niliota mikono yangu imekuwa ya sabuni. Asubuhi nilirudisha ugali wa jana niliopashiwa na Mzee Zakayo, na yeye alinitazama, akatazama nje kule ngazi ilikolala, akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Alijua. Mtu anayepika huwajua wote wanaokimbia vitunguu. Lakini angesema nini, na angemwambia nani?

Alhamisi lilibaki dirisha moja, la chumba cha pembeni, juu ya saruji ya baraza. Maji yalikuwa yamepungua hata bomba likawa linakohoa, na Bi Kengele alikuwa amekataza maji safi kumwagwa nje, hata kikombe. Gunia la chini lilikuwa limekauka. Tabitha akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji tuliyokwisha kusafishia vioo, meupe, mazito. "Maji ni maji," akasema, akalitandika. Nami nilikubali, maana nani angefikiri vingine? Tulikuwa tunajua gunia lililolowa linashika. Hatukufikiri kwamba tunalipaka sabuni.

Alikuwa amefika juu upepo ulipoanza. Niliuona kwanza kwenye miti ya mikalitusi ya jirani, ikainama yote upande mmoja, halafu weupe ukaja ukiburura barabarani. "Shuka, Dada," nikasema. "Nusu imebaki," akajibu. "Nikishuka sasa sitapanda tena leo." Na hapo hapo kengele ya barazani ikalia.

Mguu wangu ulisogea wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa, mguu ulisikia kabla ya kichwa. Nikaurudisha. Kengele ikalia tena, kwa hasira.

"Nenda, Perisi," sauti ikasema juu. "Atakufukuza."

"Siendi."

"Nenda, mdogo wangu. Nitasimama kimya, sitagusa kitu."

"Siendi, Dada. Usiongee. Shuka."

Bi Kengele alitokea kwenye kona, kengele mkononi, nywele zimejaa magadi. "Perisi! Wewe hapana sikia?"

"Nasikia, Memsahib."

"Basi kuja! Chai!"

"Nikiacha ngazi ataanguka, Memsahib."

"Yeye si mtoto!" akafoka.

Neno lile lilinipiga. Nilikuta jibu lake liko mdomoni tayari, juu ya ulimi, na lingetoka lingemshusha Tabitha pale pale, lingemweka chini salama, na kesho lingempandisha lori. Nikifunga mdomo, yuko juu. Nikifungua, hayuko Nakuru. Nilibaki nimeachama, vumbi likiniingia. Na ndipo nikasikia. Krrrr. Gunia liliteleza na ngazi ikateleza nalo, upana wa kiganja, ncha ya juu ikashuka ukutani kwa kishindo kidogo, na kitambaa kilicholowa kikaniangukia kichwani. Nilisukuma visigino vyangu nyuma ya miguu ya ngazi, nikaegemeza kifua kwenye vipandio, nikaita kwa nguvu zote, "Mzee Zakayo! Mzee Zakayo!"

Alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Alipofika kona akaona ngazi, akaona sketi inayopepea kule juu, akasimama ghafla. Akafunga macho. Si kuyafumba kidogo, aliyakaza hata uso mzima ukakunjamana, akaja akipapasa ukuta kama kipofu, huku akitangaza kwa sauti ya mimbarini, "Sioni kitu! Mungu ni shahidi, mimi sioni kitu! Shuka, mama, shuka!" Akanikanyaga, akakanyaga ndoo, akaishika ngazi kwa mwili wake wote. Nilihisi imetulia. Lakini mguu wa pili wa ngazi ulikuwa ungali juu ya gunia, ukicheza. Kisha nikaona kiatu cheupe. Bi Kengele alikuwa ameweka kengele chini na kiatu chake mbele ya ule mguu, na mkono wake wenye mishipa ulikuwa umeshika mbao karibu na wangu. Tulikuwa watu watatu tumeshika ngazi moja, mmoja amefumba macho, na juu yetu viatu vya raba vikawa vinatafuta kipandio, kimoja, tena kimoja, taratibu, kama Njoroge.

Tabitha alipokanyaga saruji alikuwa mweupe wa magadi kuanzia nyusi hadi miguu. Bi Kengele alimtazama kwa muda. Akaokota kengele yake. "Kesho," akasema, akifuta kiganja kwenye gauni. "Kesho malisa dirisha." Akaingia ndani. Mzee Zakayo akauliza kama anaweza kufungua macho.

Jikoni Tabitha alikaa kwenye kisanduku cha sabuni, mikono magotini. Kisha akainuka akaenda chooni, akakaa huko muda ambao mimi nilihesabu kwa mapigo ya moyo nikapotea. Mzee Zakayo alikuwa anakata karoti ndogo, ndogo zaidi, hata zikawa hazifai chochote. Aliporudi nilimwangalia usoni, naye akatikisa kichwa kidogo sana: hakuna. Hakuna damu. Nilienda nyuma ya mlango nikalia kidogo. Niliporudi, Mzee Zakayo alikuwa anammiminia maziwa ya wageni, kikombe kizima, tena kile cha maua. "Haya yameharibika," akasema, akiangalia ukuta. "Wazungu hawawezi kunywa. Maliza wewe." Yalikuwa yamekamuliwa asubuhi ile. Tabitha aliyanywa yote.

Nikifikiri leo, huwa nawahurumia wale watu wa jikoni, na msichana yule miongoni mwao. Watoto wangu wakisoma haya wataniuliza, mama, kwa nini hamkusema tu? Wao walizaliwa kwenye maneno mengi. Sisi tuliogopa neno kuliko tulivyoogopa ngazi, na mwaka ule hatukuwa tumekosea sana, maana neno moja tu, kutoka kinywa cha mtu yeyote, lilitosha kukupandisha lori. Njoroge sikumwona tena. Kamba mpya ilinunuliwa baadaye, na fundi wa kiume akaja kutoka Gilgil akachukua kazi ya madirisha. Mvua zilipofika, Tabitha alikuwa hawezi kuficha tena, na Bi Kengele, ambaye alikuwa na macho kama sisi, alisema tu kwamba Tabitha anenepe asinenepe, nguo za wageni zipigwe pasi. Yule mtoto ndiye aliyesimama kaburini mwezi uliopita, mzee mwenye mvi, akitushukuru kwa kufika.

Lakini hayo yote yalikuwa bado. Alhamisi ile jioni nilichojua ni hiki tu: kesho Tabitha angepandishwa tena. Kutoka chini, ukiwa uani, hukuweza kujua kioo gani ni safi na kipi si safi. Bi Kengele alikuwa anakagua kutoka ndani, kila asubuhi, jua likiwa nyuma ya kioo; asipoona weupe, angedhani limekwisha. Kwa hiyo kabla ya saa ya kafyu nilipanda juu peke yangu, bila kuitwa, nikaingia chumba cha pembeni. Nusu ya dirisha la juu ilikuwa angavu, na nusu ilikuwa nyeupe, na mpaka wa katikati ulikatika ghafla, pale mkono wake ulipoishia. Nilivuta pazia juu ya ile nusu nyeupe. Likarudi. Nikalivuta tena, likarudi, pete yake moja ilikuwa imevunjika. Basi nikatoa pini iliyokuwa imeshika sketi yangu kiunoni, nikapanda juu ya kiti, nikalibana pazia kwa mwenzake, kwa ndani, kwenye mkunjo ambapo chuma hakionekani. Nikashuka, nikafuta kiti kwa kiganja, nikateremka ngazi za ndani nimeshika sketi kwa mkono mmoja isianguke.